Kutoka Vitznau hadi Kilele cha Rigi: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja kwa Reli ya Meno

Katikati ya Uswisi, mahali ambapo maziwa matatu yamekaribiana, upo mlima uitwao Rigi, ambao kilele chake, Rigi Kulm, kiko karibu mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi akisimama pale juu atakuwa kwenye mwinuko uleule wa mji wake, kwa hiyo hana sababu ya kuogopa hewa kuwa nyepesi. Kinachoufanya Rigi uwe mlima wa pekee si urefu wake, bali ni reli inayoanzia kwenye gati la meli la Vitznau, mji mdogo wa mapumziko ulio kando ya ziwa kwenye mwinuko wa mita 435, na kupanda zaidi ya mita 1,300 kwa muda wa nusu saa na dakika chache, pasipo kamba wala mnyororo wa kuivuta. Ndiyo reli ya kwanza ya meno kupanda mlima katika Ulaya nzima. Ilifunguliwa mwaka 1871, na hadi leo inabeba abiria mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kufanya safari hiyo kwa siku moja akitokea mji wa Luzern, awe anaishi Ulaya au amekuja kutoka Afrika Mashariki kwa matembezi, masomo au mkutano. Jambo nitakalolisisitiza kuliko yote ni kwamba siku ya Rigi hupangwa kuanzia mwisho wake. Anayeanza kwa kuuliza treni ya kwanza inaondoka saa ngapi, asiulize meli ya mwisho inarudi saa ngapi, hufika kileleni akakuta muda umembana, hushuka kwa treni ileile aliyopandia, na sehemu nzuri kuliko zote, yaani kuteremka kwa miguu na kurudi mjini kwa meli jua likielekea kutua, humpita.

Ielewe reli kabla ya kuipanda

Unaweza kupanda treni hii bila kujua inavyofanya kazi, lakini nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu nusu ya utamu wa safari umo katika kuelewa kinachotokea chini ya sakafu unayokanyaga.

Treni ya kawaida huenda kwa sababu gurudumu la chuma hushikana na reli ya chuma kwa msuguano tu. Msuguano huo ni mdogo, hasa reli ikiwa na umande au majani yaliyooza, na ndiyo maana reli za kawaida hujengwa kwa miinuko midogo sana na huzunguka vilima badala ya kuvikabili moja kwa moja. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba Reli ya Uganda ilipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19, wajenzi walilazimika kwa muda kushusha mabehewa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu yenye mteremko wa kadiri ilipokamilika. Kwenye Rigi hapakuwa na nafasi ya kuzunguka, na kamba haikutakiwa.

Aliyepata jibu ni Niklaus Riggenbach, fundi mitambo aliyezaliwa Guebwiller katika jimbo la Alsace tarehe 21 Mei 1817 na ambaye baadaye alisimamia karakana ya reli katika mji wa Olten. Mwaka 1863 alisajili hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Ufaransa. Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza: kati ya reli mbili za kawaida alilaza ngazi ya chuma, yaani mihimili miwili sambamba iliyounganishwa na vipandio vilivyopangwa kwa nafasi sawa, na chini ya kichwa cha treni akafunga gurudumu la meno ambalo kila jino lake huingia kati ya kipandio na kipandio. Gurudumu likizunguka, treni hupanda ngazi. Haiwezi kuteleza, kwa kuwa haitegemei tena msuguano.

Huko Marekani, Sylvester Marsh alikuwa amekwisha kufungua reli ya namna hiyo kwenye mlima Washington mwaka 1869, kwa hiyo Rigi si ya kwanza duniani. Riggenbach, pamoja na wahandisi wenzake Olivier Zschokke na Ferdinand Adolf Naeff, walifungua ya kwao tarehe 21 Mei 1871, siku ambayo Riggenbach alitimiza miaka 54. Mwinuko mkali kabisa wa njia hii ni asilimia 25, maana yake ni kwamba kila treni inaposogea mita 4 kwa mlalo, inapanda mita 1. Vichwa vya kwanza vya mvuke vilikuwa na matangi ya kuchemshia maji yaliyosimama wima kama chupa, kwa sababu tangi la kulala lingepandishwa kwenye mteremko kama ule, maji yangekimbilia upande mmoja na kuacha mabomba ya moto makavu. Kichwa namba 7 cha mwaka 1873 kimehifadhiwa, nacho ni cha jumba la makumbusho ya usafiri la Luzern, Verkehrshaus, na mpenda mitambo anaweza kutenga nusu siku nyingine kwa ajili ya jumba hilo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka treni inapoanza kushuka: kupanda ni kazi ya nguvu, lakini kushuka ni kazi ya breki. Riggenbach alilijua hilo. Katika vichwa vyake vya mvuke alitumia silinda zilezile za kusukuma treni ziwe pampu za kubana hewa wakati wa kushuka, ili hewa hiyo iliyobanwa iishikilie treni bila kuchosha viatu vya breki. Tena behewa halikuvutwa bali lilisukumwa: kichwa kilikaa daima upande wa chini, ili kama kuna hitilafu, uzito wa behewa uegemee kwenye mashine yenye meno na breki. Njia ya Vitznau iliwekewa umeme mwaka 1937, na tangu hapo kanuni hiyo imeendelea kwa sura nyingine, kwani treni inaposhuka mota zake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya wa juu, ukasaidia treni nyingine inayopanda.

Utakapofika kituoni tazama pia upana wa njia. Reli nyingi za milimani ni nyembamba, lakini hii ina upana wa milimita 1,435, sawasawa na SGR ya Kenya na ya Tanzania. Ukiwa umesafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi au kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa treni ya kisasa, umepita juu ya reli zenye upana huohuo, ila bila ngazi katikati.

Karatasi za kuingilia nchini

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu mwisho wa mwaka 2008. Anayeishi Ujerumani, Ufaransa, Italia au nchi nyingine ya eneo hilo akiwa na kibali halali cha ukaazi haombi viza nyingine, ila abebe pasipoti na kibali chenyewe. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa kuliko siku 15 kabla yake. Kwa kweli, siku 15 ni chache mno, na mwenye busara huomba miezi miwili au mitatu mapema. Bima ya matibabu ya safari ni ya lazima na inatakiwa iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Fedha ya nchi ni faranga ya Uswisi, si euro, ingawa kadi za benki hupokelewa karibu kila mahali katika safari hii.

Tiketi: fanya hesabu kabla ya kufika dirishani

Nauli kamili ya kupanda Rigi ni nzito, na ukiongeza ya meli inakuwa nzito zaidi. Kwa hiyo usiende moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi bila kujua ni kadi ipi itakufaa. Kwa mgeni atakayezunguka nchi kwa siku kadhaa mfululizo, kadi iitwayo Swiss Travel Pass, inayouzwa kwa siku 3, 4, 6, 8 au 15, inafunika meli za ziwani na reli zote za Rigi bila malipo ya ziada. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa milima mingi mingine maarufu ya Uswisi humpa mwenye kadi hiyo punguzo tu. Ukiwa nayo, Rigi unakuwa mlima wa kuupanda hata mara mbili. Atakayekaa sehemu moja na kufanya safari chache huenda akafaidika zaidi na Swiss Half Fare Card, inayopunguza nauli kwa nusu.

Mwenye familia aulize Swiss Family Card, ambayo hutolewa bure: watoto wa miaka 6 hadi chini ya 16 wanaofuatana na mzazi mwenye kadi ya safari hawalipi, na wa chini ya miaka 6 hawalipi hata bila kadi. Wasio na kadi yoyote waulize tiketi ya siku nzima ya Rigi badala ya tiketi ya kwenda na kurudi kwa njia moja, kwa maana mwongozo huu unashauri kupanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine.

Tiketi ya treni haikupi kiti maalumu; unakaa penye nafasi. Kwa sababu hiyo wahi jukwaani, hasa Jumamosi na Jumapili zenye jua.

Chagua siku kwa kutazama anga, na usimwamini anayetazama kutoka bondeni

Hapa ndipo watu hupoteza fedha zao. Utabiri wa hali ya hewa wa Luzern unaeleza Luzern, hauelezi kilele. Kati ya Oktoba na Februari, mara kwa mara hewa baridi hutuama mabondeni na ukungu mzito hukaa juu ya ziwa mchana kutwa, ilhali juu ya ukungu huo anga ni buluu na jua ni kali. Siku kama hiyo, mtu wa Luzern hufungua dirisha, akaona kijivu kitupu, akaahirisha safari. Kumbe ndiyo siku iliyo bora kuliko zote, kwa sababu treni itakutoa ndani ya ukungu katikati ya mteremko na kukuonyesha bahari nyeupe iliyojaza mabonde, milima ikichomoza kama visiwa. Kuna siku nyingine ambazo ziwa linang'aa na kilele kimevikwa wingu, usione hata mita 20 mbele yako.

Dawa yake ni kamera za moja kwa moja ambazo kampuni ya Rigi Bahnen huziweka kwenye tovuti yake, zikionyesha kilele kilivyo dakika ileile. Tazama kamera hizo usiku uliotangulia, kisha tena asubuhi kabla ya kununua tiketi. Ikiwa kilele kimefunikwa na utabiri unasema wingu halitaondoka, badilisha siku. Nimeona wageni wakipanda kwa ukaidi kwa vile ratiba yao iliandika Rigi siku hiyo, nao wakashuka wakiwa hawajaona chochote ila nguzo za reli.

Kuhusu mavazi, kadiria kwamba joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kilele huwa baridi kuliko Vitznau kwa nyuzi 8, mbali na upepo. Mwinuko unaweza kuwa wa Nairobi, lakini hali ya hewa si ya Nairobi: theluji huanguka juu wakati ambapo kando ya ziwa kuna mvua tu, na hata mwezi Juni koti jepesi lisilopitisha upepo halikosi kazi. Viatu viwe vya kufunga na vyenye soli ya kushika. Miwani ya jua ni muhimu zaidi wakati wa theluji kuliko wakati wa kiangazi.

Panga siku kuanzia jioni

Fungua ratiba kwenye programu ya simu ya reli za Uswisi, SBB Mobile, inayoonyesha treni, meli, mabasi na magari ya kamba kwa pamoja. Usitafute safari ya kwenda kwanza. Tafuta meli ya mwisho inayoondoka Weggis, mji wa kando ya ziwa utakakoshukia kutoka mlimani, kwenda Luzern siku hiyo, uandike saa yake. Meli hupungua sana majira ya baridi, na ratiba ya vuli hutofautiana na ya kiangazi, kwa hiyo saa uliyosikia kwa rafiki aliyekwenda Julai haikufai Novemba.

Kisha rudi nyuma. Usiitegemee meli ya mwisho kabisa; chagua inayoitangulia, ili ya mwisho ibaki akiba. Toa nusu saa ya kushuka kwa gari la kamba linaloning'inia hewani kutoka Rigi Kaltbad, kijiji cha katikati ya mlima, hadi Weggis na kutembea kutoka kituo cha chini hadi gatini, ambako ni mwendo wa robo saa hivi kwa kuteremka. Toa saa moja na nusu ya kutembea kutoka kilele hadi Kaltbad pamoja na kusimama njiani, ingawa mwendo mtupu huchukua saa moja. Toa saa mbili za kukaa kileleni, chakula kikiwemo. Toa nusu saa na dakika chache za treni, na saa moja hivi ya meli kutoka Luzern hadi Vitznau. Ukifika mwisho wa hesabu hiyo, utagundua kwamba inakupasa kuondoka Luzern asubuhi, kabla ya saa nne, na katika majira ya baridi mapema zaidi. Hesabu hii huchukua dakika kumi tu mezani, nayo ndiyo inayoamua siku itakavyokuwa.

Luzern hadi Vitznau: panda meli, si basi

Toka katika kituo kikuu cha reli cha Luzern, vuka barabara, na magati yako mbele yako. Wenyeji huliita ziwa hili Vierwaldstättersee, jina utakaloliona kwenye ramani na mbao zote. Ipo njia ya haraka zaidi ya kufika Rigi, nayo ni treni ya kwenda Arth-Goldau na kupandia upande wa pili wa mlima, lakini reli ya Vitznau ilijengwa ili ipokezane na meli, na mpaka leo kituo cha treni kiko hatua chache kutoka gatini, kiasi kwamba abiria hushuka melini na kuingia behewani bila kuuliza njia.

Ziwa lina meli tano za mvuke za zamani zenye magurudumu makubwa ya kupiga maji ubavuni: Uri ya mwaka 1901, Unterwalden ya 1902, Schiller ya 1906, Gallia ya 1913 na Stadt Luzern ya 1928. Hazifanyi kila safari, lakini ratiba huonyesha safari zinazohudumiwa na meli ya mvuke, na ukiweza kuchagua, chagua hiyo. Katikati ya meli hizi kuna uwazi unaokuruhusu kutazama injini ikifanya kazi, vyuma vilivyong'arishwa vikienda mbele na nyuma, na harufu ya mafuta ya moto. Anayeteremka melini akiwa ametoka kuangalia injini hiyo huitazama reli ya meno kwa jicho jingine.

Nunua chakula cha kubeba kabla ya kuondoka. Maduka mengi ya Uswisi hufungwa Jumapili, lakini yaliyo ndani ya kituo cha Luzern huwa wazi, nayo ni nafuu kuliko mikahawa ya mlimani. Maji ya bomba ni salama kunywa, kwa hiyo chupa moja ya kujaza inatosha. Msomaji Mwislamu au asiyekula nguruwe atapata urahisi zaidi akibeba chakula chake, kwani soseji na nyama za kukausha za mlimani mara nyingi ni za nguruwe.

Ndani ya treni

Huko Vitznau keti upande wa kushoto ukielekea juu. Njia inapanda ikiwa na ziwa upande huo, na aliyekaa kulia kwa sehemu kubwa ya mwanzo atatazama msitu na majani. Kama ni lazima kuchagua kati ya kiti kinachotazama mbele na kinachotazama nyuma, chukua kinachotazama nyuma, kwa sababu mandhari yote iko bondeni.

Maneno mawili ya Kijerumani yatakusaidia kwenye mbao: Bergfahrt ni safari ya kupanda na Talfahrt ni safari ya kushuka. Halt auf Verlangen maana yake treni husimama kwa kuombwa tu, kwa hiyo anayetaka kuteremka kwenye kituo kidogo cha katikati abonyeze kitufe mapema.

Treni ikiondoka, sikiliza. Utasikia mtetemo wa meno yakiingia kwenye vipandio, mdundo ambao huongezeka kasi pamoja na treni na haukatiki hata mara moja. Baada ya muda njia inavuka daraja la Schnurtobel juu ya korongo lenye kina, na hapo mwinuko ni mkali kiasi kwamba miti inayosimama wima nje ya dirisha inaonekana kama imelala. Macho hudanganyika kwa sababu mwili umekwisha kuizoea sakafu iliyoinama.

Rigi Kaltbad ndicho kituo kikubwa cha katikati, kijiji kisicho na magari. Jina lake linatokana na chemchemi ya maji baridi ambayo watu waliijia kuoga kwa ajili ya afya karne nyingi kabla ya reli, na tangu mwaka 2012 lipo bafu la maji ya madini lililosanifiwa na Mario Botta. Usishuke hapa asubuhi. Utapita tena mchana.

Ukifika Staffelhöhe, kumbuka kwamba ndipo reli ya 1871 ilipoishia, na sababu haikuwa ya kiufundi. Mpaka wa majimbo ya Luzern na Schwyz unapita hapo, na kibali cha kampuni ya Vitznau kilikuwa cha upande wa Luzern peke yake. Kampuni nyingine, ya upande wa Arth, ndiyo iliyopewa haki ya kujenga hadi kilele. Ikaijenga sehemu hiyo mwaka 1873 na kuikodisha kwa kampuni ya Vitznau, kabla ya kumaliza njia yake yenyewe kutoka Arth mwaka 1875. Ndiyo maana kuanzia Staffel, kituo kinachofuata, utaona njia mbili zikipanda sambamba mpaka juu: yenu, yenye historia ya mabehewa mekundu, na ya Arth-Goldau, ya buluu, iliyotangulia kupata umeme mwaka 1907. Makampuni hayo yaliungana mwaka 1992 tu.

Kileleni

Kituo cha mwisho kiko mita 1,752, na kilele chenyewe kinahitaji kupanda kwa miguu dakika kumi hivi kwenye njia pana. Wazee na wenye shida ya magoti hawakosi mengi wakibaki karibu na hoteli, kwa sababu tayari macho yanafika mbali. Anayetumia kiti cha magurudumu awasiliane na kampuni mapema, ili apangiwe treni yenye sakafu ya chini.

Simama kwanza ukitazama kusini. Safu ya milima yenye theluji inaanza mashariki na kufika magharibi hadi kundi la Eiger, Mönch na Jungfrau, na Pilatus, mwenye mita 2,128, amesimama peke yake upande wa Luzern. Kisha geuka kaskazini, ambako mlima unakatika ghafla na Ziwa Zug liko chini ya miguu yako. Wageni wengi hupiga picha za theluji na kuondoka bila kutazama mashariki, upande wa mlima Rossberg, ambako kovu refu la rangi hafifu bado linaonekana kwenye mteremko. Tarehe 2 Septemba 1806 sehemu ya mlima huo iliporomoka baada ya mvua nyingi, ikafunika kijiji cha Goldau na kuua watu 457. Kituo cha Arth-Goldau cha leo kiko katika eneo hilo.

Nyumba ya kwanza ya wageni ilijengwa hapa mwaka 1816, miongo mitano na zaidi kabla ya treni, kwa ajili ya watu waliopanda kwa miguu au kwa kubebwa ili waone jua likichomoza. Desturi hiyo ingalipo. Mwenye uwezo wa kulala hotelini usiku mmoja atakiona kilele katika nyakati mbili ambazo wageni wa mchana hawazipati: baada ya treni ya mwisho kushuka na kabla ya ya kwanza kupanda. Kwa maoni yangu, ni afadhali kukata gharama mahali pengine katika safari na kuzitumia hapa.

Kushuka kwa miguu hadi Kaltbad

Njia za Uswisi zimewekewa mbao za njano zinazotaja mahali na muda wa kutembea. Alama ya njano tupu ni njia rahisi. Alama yenye mistari ya nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani inayohitaji viatu vya kazi hiyo na miguu isiyotetemeka. Ya kwenda Kaltbad ni rahisi. Inateremka kupitia Staffel na Staffelhöhe, mara nyingi karibu na reli, hivyo aliyechoka anaweza kuishia kituo chochote na kusubiri treni. Kabla ya Kaltbad fuata mbao za Känzeli, jukwaa la asili lililo ukingoni mwa mwamba, ambako unaliona ziwa kwa ukaribu ambao kilele hakikupi. Kaa hapo. Kati ya mahali pote pa Rigi, hapa ndipo ningemleta mgeni mwenye saa moja tu.

Mwenye nguvu zaidi na muda zaidi anaweza kutoka Kaltbad na kwenda hadi Scheidegg kwa njia ambayo zamani ilikuwa reli. Treni yake, ya kawaida isiyo na meno, ilikoma mwaka 1931, lakini daraja la chuma na handaki dogo vimebaki na sasa hupitwa na watembea kwa miguu. Njia hiyo ni karibu tambarare, lakini itakula saa mbili na zaidi, kwa hiyo irudishe kwenye hesabu yako ya jioni kabla ya kuamua.

Theluji ikiwa imeanguka, njia zilizopigwa mashine kwa ajili ya watembeaji huwekewa nguzo za zambarau. Usitoke nje ya hizo. Ajali ikitokea, namba ya dharura ya Ulaya ni 112, na helikopta za uokoaji za Rega hupatikana kwa 1414.

Kurudi ziwani

Kutoka Kaltbad gari la kamba linaloning'inia hewani hushuka hadi Weggis kwa dakika kumi hivi. Mbao zinaliita Luftseilbahn. Simama upande wa mbele. Huko Weggis shuka taratibu kwa barabara hadi gatini, na ukiwa na muda, keti kwenye benchi za ufukweni, kwa kuwa mji huu, kama Vitznau, umekingwa na mlima dhidi ya upepo wa kaskazini na mitende huota nje bila kufunikwa.

Upepo ukiwa mkali sana gari la kamba husimamishwa. Hilo likitokea, rudi kwenye kituo cha treni cha Kaltbad, kilicho karibu, na ushuke kwa reli hadi Vitznau, ambako meli ileile hupitia kabla ya kufika Weggis. Kumbuka tu kwamba meli hiyo huondoka Vitznau mapema kuliko inavyoondoka Weggis, kwa hiyo uangalie ratiba upya. Na ikiwa meli zote zimekwisha kuondoka, basi la kandokando ya ziwa hupita Vitznau na Weggis kwenda kituo cha reli cha Küssnacht am Rigi, na kutoka hapo treni inakurudisha Luzern.